Kaka ni mgonjwa, posa iko njiani: useme au unyamaze?

Niliahidi wiki hii tuendelee na ile hoja ya mabwana wanaokopa fedha za mahari halafu deni linakua sambamba na mtoto. Naomba tuiweke kiporo. Kuna dada mmoja wa Tandika kaniletea barua ya kurasa nne, mwandiko wa mtu aliyesoma kwa masista, na nimeshindwa kuichanganya na mizaha yetu ya kawaida.

Kwa kifupi mambo yenyewe ni haya. Dada ana miaka 26, anakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mchumba anaye, fundi wa viyoyozi, kijana asiye na makuu, wana miaka miwili sasa. Wazee wa kijana wameshatoa taarifa kwamba mshenga anakuja na barua ya posa. Kwa wengine hapo ni vigelegele. Kwa dada yetu hapo ndipo usingizi ulipokata, kwa sababu miaka miwili yote jamaa anaambiwa kwamba shemeji yake, kaka wa pekee wa bibi harusi mtarajiwa, yuko Mbeya kikazi. Kumbe kaka Mbeya anaijua kwenye ramani tu. Yuko chumba cha uani, nyumba hiyohiyo, mwaka wa sita huu. Anaumwa skizofrenia.

Mchumba akisema anakuja kusalimia, dada anamwahi kituoni, wanaishia kula chipsi mayai barabarani. Hajawahi kuvuka kizingiti. Mama mtu anasema funga mdomo mpaka utoke hapa, ukishazaa utamwambia taratibu. Shangazi anasema usipomwambia wewe, watamwambia majirani. Dada anamalizia: "Kaka yangu, nimsikilize nani kati ya hawa wawili?"

Nitajibu, usiwe na haraka. Ila najua kuna mtu hapo ameshatabasamu aliposoma neno skizofrenia, na mwingine amemgusa mwenzake ubavuni. Sisi watu wa mjini tuna mambo ya ajabu. Mtu ukimpenda unamwita chizi wangu, na kijiweni wote ni machizi. Mwenzako akikosea kidogo, dishi limeyumba, nati zimelegea, huyu wa kupeleka Mirembe. Mirembe yenyewe, hospitali iliyoko Dodoma tangu miaka ya 1920, tumeigeuza tusi, kiasi kwamba mwenye ndugu aliyelazwa kule anasema kaenda Dodoma kufuatilia kiwanja. Maneno tunayo debe zima. Mtoto wa jirani akiumwa kweli, tunakosa hata moja la kumwambia mama yake.

Mie si daktari, lakini nimeuliza na nimesoma. Skizofrenia si watu wawili ndani ya mtu mmoja, hayo ni ya kwenye filamu. Jina alilitunga daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka, na toka hapo jina limewatia watu hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Wajapani walichoka, wakalibadilisha la kwao mwaka 2002, maana madaktari wengi kule walikuwa wanashindwa kulitamka mbele ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria wagonjwa kama milioni 24 duniani, mtu 1 katika kila watu 300. Tufanye hesabu ya Kibongo: Uwanja wa Mkapa ukijaa watu 60,000 siku ya Simba na Yanga, ukiwagawa sawasawa na dunia, 200 kati yao wanaishi na ugonjwa huu. Mia mbili! Na kila mmoja ana mama.

Halafu unachagua umri. Wanaume mara nyingi huwapata kuanzia mwisho wa sekondari mpaka miaka ya ishirini na kitu, wanawake huchelewa kidogo. Yaani ule umri wa kidato cha sita, chuo, kazi ya kwanza, mchumba wa kwanza. Ni umri wa wasomaji wa ukurasa huu, sitaki kuwatisha.

Kaka wa dada yetu alianza akiwa mwaka wa pili chuoni. Hakuanza kwa kuvua nguo barabarani kama wengi mnavyofikiri. Alianza kwa kunyamaza. Akaacha kuoga. Akaacha mpira, naye alikuwa winga wa kutumainiwa pale mtaani. Marafiki wakija, mwambieni sipo. Mama akadhani ni mapenzi, baba akadhani ni uvivu. Ikaenda miezi mitano hivyo. Siku moja wakamkuta kaigeuza televisheni inatazama ukuta, kwa sababu mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa anamsema yeye. Akaziba tundu la kitasa kwa kipande cha sabuni. Chakula cha mama akakiacha, akawa anakula mayai ya kuchemsha aliyoyachemsha mwenyewe, siku nenda rudi, kwa hoja kwamba yai huwezi kulitia kitu bila kulipasua.

Mie hapo kwenye mayai nilisimama kusoma. Hebu fikiria una hakika kabisa, kama unavyojua jina lako, kwamba nyumba nzima inataka kukutilia sumu. Ungekula nini? Ungekula mayai. Akili ya kijana yule haikuzima. Ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana, kwa bidii, juu ya habari isiyo ya kweli.

Ninaye rafiki, tumekua pamoja, tumeibiana madaftari, ambaye anaishi na ugonjwa huu mwaka wa kumi na tano sasa. Anachomelea mageti na madirisha, na geti lake haliyumbi. Nilimpelekea mkasa wa dada huyu bila majina, tukakaa nao jioni nzima, na kaniruhusu niandike ya kwake ilimradi nisimtaje.

Kuhusu zile sauti, anasema watu wanadhani ni mawazo ya kichwani. Si mawazo. Inatoka nje, kiasi kwamba unageuka kuangalia nani kasema. Yake moja ni ya mwanamke na kazi yake ni kuhesabu. Akipanda ngazi anahesabiwa ngazi, akila anahesabiwa matonge, na akibakisha anasemwa. Nyingine ni wanaume wawili wanaomtangaza kama mechi: sasa anavaa shati, mtazame anavyofunga vifungo, kakosea huyo. Matusi nayo yapo, na siku mbaya kuna amri, ambazo hakutaka kunisimulia. Zamani alikuwa anazijibu ndani ya daladala, watu wanahama viti. Siku hizi anatoa simu, anaiweka sikioni, anazijibu taratibu: "Ndiyo, nimekusikia, nipo barabarani nitakupigia." Konda anamdai nauli kama abiria mwingine yeyote. Kelele zikizidi anavaa hedfoni anasikiliza taarab. Ananiambia sauti zake hazipatani na taarab hata kidogo. Nilicheka, naye akacheka.

Na zinafuata mazingira, hizo sauti. Mtafiti wa Marekani aitwaye Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji wagonjwa 20 wa California, 20 wa Accra kule Ghana na 20 wa Chennai kule India, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Wa California walisikia zaidi vitisho, vita na mateso. Wa Accra wengi walimsikia Mungu. Wa Chennai zaidi ya nusu walisikia ndugu zao, wakiwaambia waoge, wapike, waende dukani. Nilipomsimulia rafiki yangu haya akafikiri kidogo, akasema basi yule wake anayehesabu matonge lazima alikuwa mama ntilie.

Lakini kinachomuuma zaidi si sauti. Ni kile ambacho watu wa nje hawakioni: hamu kukauka. Kuna wakati, anasema, unakaa kitandani unautazama mswaki uliopo mezani, hatua mbili, na hakuna kitu ndani yako kinachokusukuma kuufuata. Si huzuni. Si uchovu. Ni kama injini haina mafuta na hata kengele ya kukuambia mafuta yameisha nayo haipo. Dawa zinazituliza sauti kwa wengi, lakini hili linabaki muda mrefu, na hili ndilo linaloleta ugomvi majumbani, kwa sababu kwa macho ya baba linafanana na uvivu kama pacha.

Turudi Tandika. Mama yake kahangaika kama mama yeyote angehangaika. Kwanza mganga wa Mkuranga, kuku mweusi na laki tatu juu. Kisha maombi ya siku saba. Kisha mganga wa pili, ambaye uchunguzi wake ulibaini kwamba mganga wa kwanza ndiye aliyeongeza tatizo. Hospitali ilikuja mwisho, mwaka mmoja na miezi miwili tangu televisheni igeuzwe ukutani.

Sasa asije mtu akasema nawadharau wazee. Mama mmoja mtafiti, Juli McGruder, Mmarekani, alizifuatilia kwa karibu familia tatu za Zanzibar zenye wagonjwa wa namna hii, akaandika tasnifu yake mwaka 1999. Kule alikuta kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa zikanywewa, alikuta masheitani na majini, na vidonge vya hospitali pia. Jambo alilolionyesha ni kwamba kwa kuwa mkosa ni shetani na siyo mtoto, mtoto halaumiwi. Akitulia anarudi mkekani, anakula na wenzake, hakuna anayemhoji jana ulikuwa na nini. Na hilo si jambo dogo. Kule London, tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, wakaona wanaorudi kwenye nyumba ya lawama na makaripio, au ya kuchungwa kupita kiasi, wanaangukia tena ugonjwa zaidi kuliko wanaorudi kwenye nyumba tulivu. Kwa hiyo wewe unayesema "jikaze, mwanaume gani wewe", unapika ugonjwa. Na wewe mama unayemfuata mpaka mlango wa choo kumuuliza unafanya nini humo, nawe punguza moto, najua ni mapenzi lakini punguza.

Ila kombe halishushi sauti. Dawa za kwanza za kuzishusha zilianza kutumika Paris mwaka 1952, na toka hapo zimekuja za namna nyingi, vidonge na sindano za kuchomwa kila baada ya wiki kadhaa. Anayetaka dua aendelee na dua, dua na sindano hazijawahi kugombana. Hasara iko kwenye ule mwaka na miezi miwili, maana kadiri mtu anavyokaa bila tiba ndivyo kurudi kwake kunavyokuwa kugumu.

Na dawa nazo si za mchezo, tusidanganyane. Za zamani zinakaza mwili, mikono inatetemeka, mate yanamwagika, miguu inakataa kutulia hata ukikaa. Nyingi za kisasa zinaleta njaa ya ajabu, mtu ananenepa, wengine sukari inapanda. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa winga, leo anatembea kama mbao, unamwambia kunywa dawa upone. Atakuuliza: hivi ndiyo kupona? Kaka wa dada yetu aliacha dawa mara mbili. Mara zote mbili kwa sababu alijiona mzima, ambayo ni sababu ya haki kabisa kwa mtu aliyejiona mzima. Kama dawa inamtesa, dawa ya kujibu hilo ni kurudi kwa daktari apunguze kipimo au abadilishe aina, siyo kuitupa chooni na siyo kumtilia kwenye uji kwa siri. Kumtilia kwenye uji, kwa mtu anayeamini mnamwekea sumu! Siku akigundua, mtamwambia nini?

Mara ya pili alipoacha ndipo palitokea jambo ambalo dada kaliandika kwa mistari mitano tu, na mie ndilo lililoniamulia jibu. Usiku wa saa nane kaka alitoka, akaruka ukuta wa nyumba ya mtaa wa pili. Alikuwa anawakimbia wanaomfuata. Mwenye nyumba akapiga yowe. Mnajua yowe la "mwizi" mjini hapa linavyoita watu. Asiyewahi kuamkia salamu za jirani yake naye anatoka na tofali. Mkono ulishavunjwa, na mtu mmoja alishatajwa kwenda kutafuta mafuta ya taa, akatokea mwenye duka la kona, Mpemba mmoja mzee, na kanzu yake ya kulalia. Akasukuma watu akasema: "Huyu si mwizi, huyu mwana wa Bi Fulani, anaumwa, namjua!"

Namjua. Ndilo neno lililomrudisha kijana nyumbani. Sasa dada yangu, fikiria kama yule mzee wa duka naye angekuwa ameambiwa kwamba kaka yuko Mbeya.

Watu wanaogopa wagonjwa hawa wataua mtu. Wapo wanaokuwa wakali, hasa wakikosa dawa au wakichanganya na pombe, siwezi kusema hawapo. Lakini walio wengi hawamdhuru mtu, na wanaodhuriwa ni wao: wanapigwa, wanaibiwa, wanabakwa, wanafungwa minyororo kwenye mwembe na ndugu waliochoka. Dada kaandika kwamba kwao visu vyote viko ndani ya ndoo ya unga, chini kabisa. Kaka hajawahi hata kumtishia mtu. Ila mama hajalala nje ya nyumba ile miaka sita. Msiba wa dada yake wa damu kaenda asubuhi karudi jioni, kwa vile lazima abaki mtu. Dada mwenyewe anahesabu vidonge kila usiku kabla hajahesabu mauzo ya duka. Baba anarudi saa tano na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Hiyo nayo ni skizofrenia. Huyo mmoja ndiye mwenye kadi ya kliniki, ila wanaougua nyumba ile ni wanne.

Haya, jibu. Mama hataki kusikia, lakini mie niko upande wa shangazi, na nina sababu zangu.

Mshenga hakuletwa mjini kunywa soda. Kazi yake ni kuuliza. Atakaa kwa kinyozi, atanunua vocha dukani, atauliza binti wa nyumba ile vipi, na kabla jua halijazama atajua mpaka rangi ya pazia la chumba cha uani. Wazee wetu wana maneno kuhusu mficha maradhi na kilio kinachomuumbua, sina haja ya kuyamalizia.

Mchumba akiambiwa, swali lake la kwanza litakuwa watoto. Watarithi? Mwambie hivi. Mtaalamu Irving Gottesman alikusanya tafiti kama 40 za Ulaya zilizofanywa kati ya 1920 na 1987, akazijumlisha kwenye kitabu chake cha 1991. Mtu wa kawaida asiye na mgonjwa kwenye ukoo, 1 katika 100. Mwenye kaka au dada mgonjwa, kama 9 katika 100. Mwenye mjomba, shangazi au ami mgonjwa, na hao ndio watoto wako wewe, kama 4 katika 100. Yaani 96 wanapita salama. Hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiumwa, mwingine hupona nusu ya mara au zaidi. Damu ina sehemu yake, lakini siyo hukumu.

Akikuuliza kama kaka alivuta bangi, na atauliza, maana mtaa mzima umeshaamua ni bangi, mjibu ukweli: hakuvuta. Bangi ina mchango, hilo msilifanyie utani huko vijiweni. Wasweden waliwafuatilia vijana 45,000 walioingia jeshini, na ripoti yao ya 1987 ilionyesha waliovuta zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa huu mara sita zaidi ya wasiovuta. Lakini wako wengi wanaougua na hawajui hata harufu yake.

Wazee wake wakileta habari za sheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia wazimu wa bibi au bwana harusi mwenyewe wakati wa kufunga ndoa. Kaka wa bibi harusi hayumo. Wangewekwa na makaka, wangapi tungeoa?

Na akitokea mtu wa kukufariji kwa hadithi ya John Nash, yule mwanahisabati aliyeugua miaka mingi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1994, msikilize, ni kweli ilitokea. (Ile filamu ya 2001 iliyomwonyesha akiona watu wasiokuwepo ilimsingizia, Nash alisikia sauti.) Lakini mie nimechoka kidogo na hadithi hiyo. Ukimwambia mama wa Tandika kuhusu Nobel unamwongezea mzigo tu. Rafiki yangu hataki Nobel. Anataka mteja alipe nusu iliyobaki ya geti.

Anaweza kuondoka, huyo mchumba. Sikudanganyi, dada yangu. Wako wanaoondoka, na wako ambao wenyewe wangebaki lakini mama zao wakawavuta shati. Rafiki yangu alikuwa na mchumba. Yule binti aliyasikia ya kwake akiwa saluni, kichwa kiko ndani ya draya, kwa mtu ambaye hata hakumjua. Aliondoka. Miaka ikapita, wakakutana Mbagala, binti akamwambia: kilichoniondoa si ugonjwa, ni saluni. Huenda alisema kweli, huenda alisema kwa heshima. Rafiki yangu anapenda kuamini alisema kweli, na mie sina sababu ya kumpinga.

Nilipodhani tumemaliza, nikamuuliza yeye, kama mwenye ujuzi wake, dada huyu aseme au asiseme? Akaniangalia kama vile mie ndiye mgonjwa. Akasema: "Mama kaulizwa, shangazi kaulizwa, wewe wa gazetini umeulizwa. Kaka yake kaulizwa?"

Nikairudia barua yote, kurasa nne. Hakuna mahali kaka aliulizwa.

Kwa hiyo nenda kwanza chumba cha uani. Chagua siku aliyotulia, mpelekee chai, usiende na mama. Mwambie kuna kijana anataka kunioa, nataka kumwambia habari zako, unaonaje, nimwambie nini na kipi nisimwambie? Anaweza kukushangaza. Anaweza kusema hapana, na hapo mtakuwa na mazungumzo, siyo siri. Anaweza pia kusema anajua zamani. Wagonjwa hawa masikio wanayo, na ukuta wa chumba cha uani ni tofali moja tu. Pengine amesikia mara mia kwamba yuko Mbeya.

Ukishapata neno lake, mwambie mchumba kabla mshenga hajafika. Siyo kwa simu, na siyo kituoni penye makelele. Mlete nyumbani mchana. Asalimiane na shemeji yake, dakika kumi zinatosha, kaka akichoka arudi ndani na asifuatwe. Usimweleze mchumba kila kitu siku hiyo. Siku nyingine nendeni wote kliniki, akamwulize daktari maswali yake mwenyewe. Fundi hupenda kujua kifaa kinafanyaje kazi.

Mambo yakienda vizuri mkafika kwenye vikao vya kamati, kaka msimfungie ndani siku ya harusi kwa visingizio vya kelele. Kelele kweli zitamsumbua. Mpeni kazi upande wa nyuma ya ukumbi, kupokea kreti za soda na kuzihesabu, mbali na spika, na awepo mtu mmoja anayemwamini wa kumrudisha nyumbani mapema akitaka. Suti ashonewe kama ndugu wengine wa bibi harusi, ila apimwe upya, asipimiwe suruali ya zamani, dawa zimemnenepesha. Na kabla hamjapeleka kadi kiwandani, angalieni tarehe yake ya sindano. Siku mbili tatu za mwanzo huwa anasinzia.